Msitu wa Mbali na Mizigo ya Watu

Mwaka ule nilichoka kukaa. Sijui nisemeje vingine. Nilikuwa nikirudi kutoka kazini, navua koti, nakaa, nainuka, nafungua dirisha, nalifunga, nakwenda jikoni bila ya haja yoyote. Mume wangu, ambaye alikuwa dereva wa basi na akifika nyumbani hataki kuona kitu kinachotembea, aliniambia namtia kizunguzungu. Nikamwambia nataka kwenda mahali penye joto na mvua ya kweli, mvua inayopiga kelele, si haya manyunyu ya Wembley yanayokulowesha bila ya kukwambia.

“Si kwenu huko?” akauliza.

“Kwetu si likizo,” nikamjibu, na hasira zikanipanda hapohapo.

Wanaosema kwenda kwao ni kupumzika hawajaenda siku nyingi. Niliondoka Unguja miaka michache baada ya Mapinduzi, msichana aliyekuja kusomea uuguzi, na tangu hapo nilikuwa nimerudi mara moja tu, kwa msiba wa baba. Muda wote nilikaa mkekani nikipewa mkono na watu ambao nusu yao siwajui, huyu ananishika shavu kuuliza mbona nimekonda, yule anauliza mbona mwenzake kaletewa saa na yeye hakuletewa. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni naye ataponea wapi, hilo hakuna aliyelisema. Nilirudi London nimechoka kuliko nilivyoondoka, na kila mama aliponiuliza kwenye simu nitakwenda lini tena, nilimjibu Inshallah. Inshallah ya mtu aliyeko London haina tarehe.

Basi binti yetu, aliyekuwa amemaliza mitihani yake na hana la kufanya, akaleta brosha yenye picha ya msitu wa Kosta Rika. Ndani yake mlikuwa na nyumba zilizojengwa juu ya miti, daraja la kamba linaloning'inia juu ya mto, na watu waliovaa makoti ya mvua wakimkodolea macho chura mwekundu. Niliisoma nimesimama. Nikaisoma tena kwenye treni ya kwenda kazini, nikapitishwa kituo.

Mume wangu alicheka mpaka akakohoa. Yeye ni mtu wa Tanga. “Msitu tunao Amani,” alisema, “na mbu wake bure. Leo nikalipe nauli nikalale mtini kama ngedere?” Lakini naye nilimjua. Wiki haikupita akanunua buti za kutembelea milimani, akawa anazivaa jioni kuzilainisha, anapanda ngazi na kushuka, anapanda na kushuka, na mwanamke wa ghorofa ya chini anagonga dari kwa fagio. Nilifurahi. Nilifurahi vibaya sana. Nilikuwa nakwenda mahali ambapo hakuna hata mmoja atakayenijua mimi ni mtoto wa nani.

Wakala wa safari pale Ealing Road alikuwa Mhindi mzaliwa wa Mombasa, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kushinda cha binti yangu. “Mama,” aliniambia, “watu wote wanakuja hapa wanataka Dar, wanataka Nairobi. Wewe peke yako unataka nyani wa kigeni.” Alituwekea viti vitatu vya ndege mpaka Jumamosi, tukalipie.

Sikumwambia mtu. Nimelelewa na watu ambao kwao safari haitangazwi mpaka mtu amekwishafika. Ukiropoka mapema, kijicho kinakutangulia uwanja wa ndege. Nilidhani ninajikinga. Wahenga walishasema kimya kingi kina mshindo mkuu, nami mshindo wenyewe ulinipata kazini, katika nyumba ya wazee, tukiwa tunamgeuza bibi mmoja kitandani. Mkono ulikuwa umenivimba kwa sindano ya homa ya matumbo niliyochomwa siku ile, na nilipomwinua yule bibi nikaguta kwa maumivu.

Niliyekuwa naye zamu ile ni shoga yangu, Mzanzibari mwenzangu, mwanamke mwenye moyo mzuri na mdomo usiojua kufunga. Akautazama mkono wangu. Likizo yangu ilikwishabandikwa ukutani, wiki tatu nzima za mwezi wa nane, na alikuwa ameiona.

“Na vidonge vya malaria umepewa?”

“Nimepewa.”

Akanikumbatia juu ya kitanda cha bibi wa watu. “Ewe! Mwenda kwao si mtumwa, shoga. Na umenyamaza kimya! Haya, siri yako ninayo mimi.”

Nilifungua mdomo niseme. Lakini nitasema nini? Kwamba mama yangu yu hai, na mimi nakwenda nchi isiyonihusu kulala mtini? Nikaufunga.

Kesho yake jioni alikuja nyumbani na mfuko. “Mzigo mdogo tu,” alisema, na kila aliyewahi kusafiri kwenda kwetu anajua udogo wa mzigo huo. Mataulo, viatu vya mjukuu, chupa za losheni zilizofungwa kwenye kanga zisivuje. Sikuukataa. Kwetu mzigo haukataliwi; nami yangu mingi imebebwa na watu. Baadaye akaja mwingine, simjui vizuri, ana fulana za kuchezea mpira za wapwa wake. Akaja mwanamume kutoka Neasden na dawa za sukari za mama yake, ananishukuru kwa mikono miwili. Siri ya shoga yangu ilikuwa na miguu mingi. Ikawa ukumbini hapapitiki, na mume wangu, akitoka kwenye mazoezi yake ya ngazi, akajikwaa kwenye sanduku la maziwa ya unga nusura avunje shingo.

“Warudishie vitu vyao,” alisema akiwa bado sakafuni.

“Niwaambie nini?”

“Just tell them, Mum,” binti akadakia kutoka chumbani kwake. “It's a holiday.”

Watoto waliozaliwa hapa kwao ukweli ni kama chenji, unampa mtu mkononi na shughuli imekwisha. Nilianza kuipanga ile mifuko ukutani, mikubwa chini, midogo juu, kisha nikaipangua, nikaipanga upya. Niliwachukia wote wenye mifuko ile. Nilimchukia shoga yangu kwa furaha yake. Na dawa za yule mwanamume nilikuwa nimeziweka kabatini mahali pa baridi zisiharibike, kana kwamba mimi ndiye wa kuzipeleka.

Ijumaa shoga akanijia kazini anang'ara. “Nimezungumza na dada yangu Unguja. Kapita kwa mama yako kumpa habari. Anasema bibi wa watu ameshaanza kupakisha chumba chokaa.”

Sijui zamu ile niliimalizaje. Nilifika nyumbani, sikuvua koti, nikapiga simu nikiwa nimesimama. Mama hakuwa na simu. Tulikuwa tukipiga nyumba ya jirani, wanakwenda kumwita, tunakata, halafu tunapiga tena akishafika. Katika kungoja kule nilizunguka meza ya kulia sijui mara ngapi. Mume wangu na binti walikuwa wamefungua ramani sebuleni wanagombania mto upi tuvuke, na mlango ulikuwa wazi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Nimesikia kwa watu.”

Nikamwambia moja kwa moja, maana ningezunguka nisingefika. Si kweli, mama. Tuna likizo, lakini tunakwenda nchi nyingine. Tunakwenda msituni.

“Msituni.”

“Kutembea tu. Kuangalia miti, ndege, kima.”

“Jozani si iko? Kima tele.” Sikujua kama ananitania. Nilisikia anavuta pumzi. “Basi nendeni, Mungu awafikishe salama. Hawa watu nitawaambia unaumwa.”

“Mama, usinichurie!” Kwetu maradhi hayasemwi ovyo. Ukimsemea mtu ugonjwa, umeuita. Mwanamke huyu alikuwa hakubali mtu apige hata mluzi ndani ya nyumba nikiwa safarini.

“Basi niseme nini?” aliuliza, na sauti yake haikupanda hata kidogo. “Mwaka juzi niliwaambia kazini wamekunyima ruhusa. Mwaka jana nikasema mtoto ana mitihani. Kabla ya hapo nilisema mumeo kaumia mguu, Mungu anisamehe. Wananiuliza kila Idi, na kila Idi nakusemea. Wewe hukunituma, nasema mwenyewe. Sasa nimekwisha maneno, mwanangu. Safari hii nipe wewe la kusema.”

Nilimkasirikia, wallahi. Nilitaka kumwambia sikumwomba anitetee kwa mtu. Halafu hasira ikaniishia ghafla, nikabaki nina aibu tupu. Miaka yote ile nilidhani nikisema Inshallah maneno yamekwisha. Kumbe mama anatoka nayo pale, anakwenda kuyatafutia maana mbele za watu, peke yake.

Sebuleni nikasikia ramani inakunjwa.

“Waambie nakuja,” nikasema.

“Lini?”

Nikamtajia siku. Hakunishukuru, wala hakulia, wala hakupiga kigelegele. Aliniambia nisubiri, na nikasikia mkono wa simu unapokewa na mtu mwingine, na sauti yake kwa mbali: “Mwambie mwenyewe, mimi hapa mtaani hawanisadiki tena.”

Jirani akanisalimia, akaniuliza mume hajambo, mtoto hajambo. Kisha akauliza siku gani. Nikaitaja mara ya pili, kwa sauti kubwa, kama mtu anayekula kiapo.