Mlinzi wa Mikoba

Mkoba wa mama yangu una kifungo cha chuma ambacho ukikibana kinalia ta. Ukiufungua, inatoka harufu ya poda, pipi za mnanaa na leso iliyopigwa pasi. Mwezi uliopita nilikuwa nimeupakata kanisani, nikakibana kile kifungo, na mlio wake ukanirudisha kwenye ukumbi wa parokia yetu pale Korogwe. Nina miaka kumi na mmoja, nimejifunga shuka kichwani, na mimi ndiye Sista. Nitawaeleza yaliyotokea, ila msiniharakishe, maana sijawahi kulisimulia jambo hili bila kuliremba.

Tulikuwa tunakaa Manundu, mama na mimi. Baba alikaa nasi wiki mbili, kisha wiki mbili akaenda Handeni, kwenye shamba lake la mahindi na kwa Mama Mkubwa, mke wake wa kwanza. Mimi nilidhani ndivyo baba wote walivyo. Likizo zikifika nilipelekwa Handeni, Mama Mkubwa akanipikia bada, ule ugali wa muhogo, na mlenda, akanisuka nywele na kuniita Mwajuma. Korogwe nilikuwa Agata. Niliitikia majina yote mawili na nilishiba kotekote.

Baba alikuwa Mwislamu, Mzigua wa watu, mpole, na hakuwahi kumzuia mama kwenda kanisani. Upande wa mama walikuwa Wakatoliki. Babu yake aliletwa kutoka kusini kuja kukata mkonge, akafa bila kuacha shamba wala nyumba. Aliwaachia watoto ubatizo tu, na mama aliushika urithi huo kwa mikono miwili. Vitambaa vya altare alivifua yeye, akavitia wanga wa muhogo na kuvipiga pasi ya mkaa mpaka vikasimama vyenyewe. Jumapili tulifika kabla ya kengele ya pili na kukaa kwenye benchi la nyuma, karibu na mlango.

Wakati wa kukomunika, yaani kupokea Ekaristi, ulipofika, wanawake wenzake waliinuka na kumwekea mikoba yao mapajani. Mitano, wakati mwingine sita. Yeye alibaki ameikumbatia, macho mbele, mpaka waliporudi. Nilipokuwa mdogo sana nilimwuliza kwa nini haendi na wenzake. Akanijibu, "Nalinda mikoba." Nikaridhika. Nikajivuna, tena, nikawatangazia watoto wenzangu kwamba mama yangu ana kazi kanisani.

Mwaka ule, kwa sikukuu ya somo wa parokia, mtakatifu wake mlinzi, Mwalimu Festo aliyefundisha kwaya alitunga kichekesho. Tulizoea vichekesho vya watu kupanda jukwaani na wengine kukaa kuwatazama, lakini hiki kilikuwa cha namna yake. Ukumbi mzima uligeuzwa darasa la mafundisho, na watazamaji wote wakawa wanafunzi. Mlangoni walikaguliwa kucha, wazee kwa vijana. Sista akikuita, lazima usimame. Ukishajibu, hukai mpaka Sista aseme "Kaa," nawe ndipo unapoitikia, "Asante, Sista." Usista nilipewa mimi, kwa sababu nilikuwa na sauti kubwa na haya kidogo.

Kitambaa cha kichwani alinikatia mama mwenyewe kutoka kwenye shuka kuukuu, akakitia wanga ule ule wa altare. Miwani ilikuwa ya waya mtupu. Siku moja kabla ya sikukuu Mwalimu Festo aliniita pembeni akaniambia, "Maswali mengine utayatunga mwenyewe papo hapo. Uliza wanachojua, Agata. Usiulize wanachoficha." Nikaitikia ndiyo, Mwalimu, kwa jinsi watoto wanavyoitikia mambo ambayo hayajawaingia.

Ukumbi ulijaa. Nilianza na Mzee Damiani, aliyekuwa mzee wa kanisa na mtu wa maneno mengi. Nikamgongea rula mezani, nikamwambia ataje amri ya sita. Akasimama, akakuna kichwa, akasema, "Usiibe."

"Hiyo ni ya saba. Ya sita umeirukaje, Babu?"

"Sista, ile nilishaisahau siku nyingi."

Watu walicheka mpaka wakapiga mabenchi. Mimi nilidhani wanacheka kwa kuwa mzee hajui kuhesabu. Sikuelewa hata chembe kwamba ya sita ndiyo inayokataza uzinzi, lakini kicheko kile kilikuwa changu, nami nikakitaka tena. Nikamsimamisha mmoja, nikamsimamisha mwingine, na kila nilipofungua kinywa watu walijishika mbavu. Nawaambia, sijawahi kulewa pombe, lakini naijua hali ya mlevi.

Hapo nikamwona mama, benchi la nyuma, mkoba wake mapajani. Alikuwa anacheka na wenzake, akijifuta machozi kwa leso. Nikataka naye aonje utamu ule. Mzaha nilikuwa nao tayari, nimeuandaa kwa siku tatu. Nikashuka katikati ya mabenchi nikiburuza ndala na kuinyoosha rula.

"Wewe mama wa mlangoni. Kila Jumapili wenzako wanakwenda kupokea, wewe umekaa tu. Simama ulieleze darasa."

Watoto wa mbele walianza kucheka. Mama akanitazama kidogo. Kisha akasimama wima kama mwanafunzi, akajibu kwa sauti ya kawaida, "Nalinda mikoba, Sista."

Kicheko kilipanda, kisha kikakatika vipande vipande, huku kimezimika, kule bado. Wanawake wa benchi lake waliinamisha vichwa. Mimi nilisikia pale palipokuwa bado panacheka. Nikatia neno ambalo katekista alipenda kutuambia darasani kila tulipojali madaftari kuliko sala.

"Mikoba ya watu unailinda. Na roho yako anailinda nani?"

Hakuna aliyecheka. Mama alibaki amesimama, mkoba ameushika kwa mikono miwili, kwa sababu sheria ya mchezo ilikuwa hukai mpaka Sista aseme. Na Sista alikuwa amesahau neno lake. Nilisimama pale na rula yangu, nikisubiri watu wacheke. Mwalimu Festo akanong'ona kutoka nyuma ya pazia, "Mwambie akae. Agata, mwambie akae." Nilisikia. Nikageuka, nikakimbia nyuma ya pazia, na kwaya ikaanza kuimba kabla ya zamu yake. Mama aliketi lini, sijui.

Njiani alitangulia, mimi nyuma. Nilitamani anichape. Nyumbani alinifungua zile pini kichwani moja moja, akakikunja kitambaa mara nne, akasema, "Sauti yako nzuri. Ulisikika mpaka mlangoni."

Jumapili iliyofuata aliumwa kichwa. Iliyofuata alikuwa na nguo za kufua. Baada ya hapo hakutoa sababu tena, nami nikawa naenda na jirani. Vitambaa vya altare hakuviacha. Alifua na kupiga pasi vile vile, akavifunga kwenye kanga safi, nami nikavipeleka sakristia. Mambo hayo yaliendelea mpaka nikawa mtu mzima, nikaolewa na kuhama.

Nilielewa nikiwa na miaka kumi na minne, kwenye mafundisho ya kipaimara, katekista alipotufundisha sakramenti ya ndoa na nani hawezi kukomunika. Alipofika kwa mke wa pili, masikio yaliniwaka moto. Nilidhani nimemaliza kuelewa siku ile, kumbe ilikuwa nusu tu. Nusu ya pili ilinijia baadaye sana, nilipokuwa mama mwenye mkoba wangu. Kanisani kwetu hakukuwa na wezi. Wale wanawake walijua kila kitu kuhusu mama yangu, wala hawakuhitaji mlinzi. Walimwekea mikoba ili awe na sababu ya kubaki amekaa. Ulikuwa wema wao wa kila wiki, wa miaka mingi, ambao haukuhitaji kusemwa, nami niliuvunja kwa kupenda kuchekesha.

Baba alifariki mwaka jana, tukamzika Handeni. Mama na Mama Mkubwa walikaa mkeka mmoja, wakiegemeana. Baadaye katekista wa sasa, kijana mwenye adabu, alikuja nyumbani kumwambia mama kwamba kizuizi hakipo tena, aungame, akomunike. Mama alimshukuru na kumpa chai. Alipoondoka, mama aliniambia, "Nikienda sasa, itakuwa kana kwamba nilikuwa namngoja baba yako afe."

Hata hivyo alijaribu. Ijumaa moja mwezi uliopita aliniambia ameshaungama, kwa sauti ya mtu aliyemaliza kufua. Jumapili tukaenda pamoja, tukakaa benchi lile lile. Wakati ulipofika, akanipa mkoba wake. Nikakibana kifungo, ta. Akasimama.

Lakini hakwenda. Wenzetu walipita mbele yake, benchi likawa tupu, naye amesimama, mkono kwenye benchi la mbele. Hakuweza kusogea wala kukaa. Mstari ukazidi kuwa mfupi. Nilitaka aende. Kwa miaka yote ile nilitaka aende, nipate kusamehewa mimi. Nilipomtazama usoni nikaona kwamba ninachokitaka ni changu, si chake. Sijui hata sasa kama nilimpumzisha au nilimfungia njia kwa mara ya pili.

"Kaa, Mama," nikamwambia.

Akaketi taratibu, akachukua mkoba wake mapajani mwangu, na bila kunitazama akasema, "Asante, Sista."