Arobaini ya Aziza

Wanawake wa mtaa wetu hapa Rumonge wanajua sana njia ya kwenda kwenye nyumba yenye mtoto mchanga. Wanaijua kwa pua, maana huko kuna pilau. Mtoto wa Aziza alipokufa siku ya tatu, kabla ya kupewa jina, njia hiyo waliisahau wote isipokuwa Tahira.

Tahira ni mjane, anauza sabuni sokoni. Miaka mingi anakanda wazazi kwa maji ya moto na kuwafunga tumbo, siku arobaini, bila kutangaza.

Mama Aruna, mama mkwe wa Aziza, ana mashine ya kukamua mawese na hana haya. Alisema mbele za watu, "Arobaini ni ya mwenye mutoto. Wewe utakaa ndani unalea nini?" Siku ya tano tangu azae, akamweka uani atoe ngazi, yaani matunda ya mawese, kwenye mikungu ya michikichi. Maziwa yakamjaa Aziza, yakalowesha nguo. Wale waliokula pilau ya harusi yake wakatazama pembeni.

Tahira akapita, akaona.

"Mama Aruna, hili tumbo limezaa ao halikuzaa?"

"Limezaa."

"Basi iko na kidonda. Mutoto kufa hakukiponyi."

"Akitoka hapa, asirudi kwangu."

"Simama, binti yangu, twende."

Abdoulkarim, mume wa Aziza, alikuwepo. Mwezi ulikuwa mpevu, wavuvi hawaendi ziwani, hana hata kisingizio cha kwenda kuvua ndagala. Alikaa barazani na karata zake, ndevu zote zile, akingoja mama yake amwambie kama ana huzuni.

Kwa Tahira, Aziza alikandwa, akawekewa vitambaa baridi kwenye matiti, akapikiwa uji. Kisha Tahira akamwuliza mtoto alikuwa na sura gani. Hakuna mwingine aliyewahi kumwuliza. Aziza akaeleza mpaka uji ukapoa.

Baada ya siku tano Abdoulkarim akafika, godoro kichwani.

"Shangazi, naomba kuona muke wangu."

"Mama yako amekuruhusu?"

"Amenifukuza. Nilimwambia amwache Aziza amalize arobaini yake."

"Siku tano za kufikiria hayo, bwana mzima."

Aziza akasema kutoka ndani, "Zimebaki thelathini. Nitazikalia hapa, na maji utachota wewe."

Tahira akampa ndoo. Abdoulkarim akaenda bombani mchana kweupe, katikati ya wanawake wale wale, nao wakampisha mbele ya foleni. Katika mtaa wetu jambo hilo nimeliona mara moja tu.