Wezi wa Marselina

Kijiji chenyewe sikitaji jina. Mwenyekiti wake bado yuko madarakani, ana hasira za karibu, na mimi bado napita njia ile nikienda Mbinga mjini. Ila Marselina nitamtaja mchana kweupe, kwa sababu mwenyewe kaniambia, "Nitaje. Wakitaka kuja kuniuliza, nyumba yangu wanaijua."

Marselina hakuzaliwa milimani. Kwao ni Lipingo, chini kabisa ziwani, kwa Waanglikana wanaovua usipa na kulima mihogo. Alipoolewa na Kilian Kapinga, Mmatengo na Mkatoliki wa kupindukia, alipanda mlima na begi moja na kifuko cha vijiwe vya ufukweni, vyeupe na vyeusi, alivyokuwa akichezea tangu utotoni. Mawifi walicheka mpaka wakashika mbavu. Bibi harusi gani anakuja na mawe, kama vile huku mawe yameadimika? Akacheka nao, na mawe yake akayatunza.

Mama mkwe ndiye aliyemfundisha ngoro. Kwa usiyejua, Wamatengo wanalima kwenye miteremko ambayo wewe na mimi tungepita kwa kushikilia majani. Wanaume wanafyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, mpaka mteremko mzima unakuwa vyumba vyumba. Halafu wanawake wanachimba udongo katikati ya kila chumba na kufunika zile nyasi. Yanabaki mashimo, na kati ya mashimo matuta ya kupandia maharage. Mvua ikinyesha maji yanaishia shimoni, udongo hauendi popote. Ngoro ya kwanza ya Marselina ilipinda. Mama mkwe akaifumua yote kwa jembe lake mwenyewe, akamwambia, "Anza tena, mla usipa." Marselina akalia kwa hasira, huku anachimba. Ndivyo alivyo mpaka leo, ukimwona analia usidhani kaacha kazi.

Kilian alikuwa mlinzi wa ghala la kahawa la chama cha ushirika. Mwaka mmoja kahawa ikapungua ghalani. Mlango haukuvunjwa, kufuli halikuguswa, bati halikung'olewa. Funguo zilikuwa kwa wajumbe wa kamati. Kilian alikuwa na rungu na tochi basi. Lakini nani atamuuliza mjumbe? Wakamfukuza mlinzi. Mtu mzima wa watu, mwimba kwaya, akawa akipita gulioni akina mama wanakumbatia mikoba yao. Na mjumbe aliyepaza sauti kuliko wote kwenye mkutano ule, kwamba mlinzi ndiye anayejua kahawa ilikokwenda, alikuwa Ladislaus. Huyo ndiye baadaye akawa mwenyekiti wa kijiji, na ufunguo wa ghala akabaki nao. Usiniulize imekuwaje, nchi hii unaijua.

Kilian hakubishana na mtu. Akachukua ubao mpana, akauchonga mashimo na matuta, ngoro kamili ya kuweka mezani, na katikati akachonga ghala. Akamwambia mkewe, "Lete mawe yako. Nataka watu wakae upande wa mwizi, waone jinsi mambo yanavyokwenda."

Ndivyo lilivyozaliwa bao la wezi. Wachezaji ni wanne, kila mmoja mkuu wa genge lake. Kuna Watu wa Ziwani wenye mitumbwi. Kuna Watu wa Pikipiki. Kuna Watu wa Magoma, wale wanaokununulia kahawa ingali maua mtini kwa sababu mwanao anadaiwa ada. Na kuna Wenye Funguo. Vijiwe ndio wezi. Vinatembea juu ya matuta na kujificha mashimoni. Lakini kabla ya kusogeza kijiwe, kila mkuu anakula njama zake kimya kimya: anaficha mbegu moja chini ya kikombe cha bati. Hindi maana yake tunaingia ghalani. Harage maana yake tunamvizia mwenzetu njiani, akitoka na mzigo tumpore. Mbegu ya boga maana yake tunakwenda kusema kwa mgambo kila tunachokijua. Vikombe vinafunuliwa kwa pamoja, na hapo kelele zake utazisikia toka barabarani.

Tatizo lilikuwa Wenye Funguo. Hawa hawapandi ukuta wala hawajifichi; wanaingia kwa mlango na kutoka kwa mlango. Na Kilian aliwawekea sharti lao peke yao, kwamba wakisemewa na mtu wa nje mgambo hawaendi. Mpaka aseme mtu wa ndani.

"Mchezo gani huu mtu anashinda kabla hajakaa?" Marselina alifoka. "Na huyo wa ndani atasema ili apate nini?"

"Hapati kitu," Kilian akajibu. "Ndiyo maana hujawahi kumwona."

Waligombania sharti hilo msimu mzima wa mvua, na kusema kweli ulikuwa msimu wao mzuri kuliko yote. Kilian alikufa mwaka uliofuata, kifua. Jina lake halikusafishwa na mtu. Marselina akalitoa bao kibarazani, akapika togwa, na kila Jumapili baada ya misa watu wakawa wanakuja kuwa wezi. Alikuja mwalimu wa kwaya. Alikuja Nazari, mgambo wa kijiji, aliyependa sana Watu wa Pikipiki. Alikuja hata Siwema, mke wa mwenyekiti, mama mpole ambaye hakucheza. Alikaa pembeni na togwa yake akitazama vikombe. Na kila mchezo ulipokwisha, lazima mtu angesema, "Kumbe Kilian wa watu walimwonea." Hilo ndilo Marselina alilolitaka. Bao lile lilikuwa mdomo wa mumewe, na lilisema kila Jumapili.

Sasa mwaka huu, mwezi wa pili, mbolea ya chama ikapungua ghalani. Mlango mzima. Kufuli zima. Ladislaus akaitisha mkutano, na kabla watu hawajakaa vizuri akawa ameshampata mwenye makosa.

"Kijijini hapa kuna shule ya wizi," alisema. "Iko kibarazani kwa Mama Glorious, mjane wa Kilian."

Nazari akatumwa kulileta bao. Alifika kwa Marselina kichwa chini. "Shikamoo mama," akasema, "nimetumwa." Marselina akaitikia marahaba, akalibeba mwenyewe mpaka ofisini, maana hakutaka lishikwe na mtu mwingine.

"Omba radhi mbele ya wananchi," mwenyekiti akamwambia. "Sema umekosa, hutarudia. Tunalichoma, yanaisha."

"Nimekosa nini?"

"Unafundisha watu kuiba!"

"Wezi wangu wanaiba vijiwe, mwenyekiti. Mbolea imetoka kwa mlango. Nani ana funguo?"

Watu wakaguna. Ladislaus akavimba shingo. "Omba radhi!"

"Siombi! Mume wangu alinyamaza akafa amenyamaza. Mimi simo!"

Ladislaus akapiga kiberiti mwenyewe. Ubao mkavu uliokaa jikoni kwenye moshi haukuchelewa. Marselina alisimama pale machozi yakimtiririka, hakuyafuta, akaliangalia bao la mumewe mpaka likaisha. Kisha akachutama, akayachambua majivu kwa kijiti, akaokota vijiwe vyake kimoja kimoja na kuvifunga kwenye ncha ya kanga. Mawe ya Lipingo hayaungui.

Jioni Glorious, binti yake aliyeolewa Songea, akapiga simu. "Mama, omba radhi tu yaishe. Ni mbao ile."

"Ni baba yako ile," Marselina akasema. "Niache, nina ngokela Jumamosi."

Ngokela ni hivi: unapika, unatangaza, watu wanakuja na majembe kukulimia, na keshokutwa wewe unakwenda kwao. Huko milimani ngokela haikataliwi hata kama mmenuniana, na mwezi wa tatu ndio wenyewe wa kuchimba ngoro. Shamba la Marselina liko ng'ambo ya ofisi ya kijiji, mteremkoni, ukikaa dirishani kwa mwenyekiti unaliona lote. Watu walifika wengi kuliko togwa. Siwema naye alifika, jembe begani. Wanaume wakalaza nyasi kwa mistari Marselina aliyowaonyesha, na wanawake wakaanza kuchimba. Walipofika katikati, akawaambia pale waache chumba kimoja kikubwa, wakichimbe mraba.

Mwalimu wa kwaya akainua kichwa, akatazama mteremko juu mpaka chini. "Mama Glorious," akasema, "hili si ni..."

"Chimba, mwalimu. Ni ngoro."

Kicheko kikaanzia upande mmoja kikaishia upande wa pili, na majembe yakaongeza kasi.

Jumapili baada ya misa hakuna aliyekwenda nyumbani. Safari hii wezi walikuwa watu wenyewe, waliosimama juu ya matuta na kuchutama mashimoni na nguo zao za kanisani. Vijiwe vya Lipingo ndivyo vilivyokuwa mali, vimewekwa ghalani katikati. Wakuu wa magenge walikaa juu kabisa, kila mmoja na kikombe chake cha bati kwenye jiwe. Nazari alikuwa na Watu wa Pikipiki.

Ladislaus akatoka ofisini mbio. "Nani kawapa ruhusa? Nimelichoma hili!"

"Umechoma ubao," Marselina alimjibu kutoka juu, mikono kiunoni. "Hili ni shamba langu. Haya, leta kiberiti, uchome udongo!"

"Nazari! Fukia mashimo haya!"

Nazari akatazama matuta mapya, akamtazama mwenyekiti. "Mzee, kufukia ngoro ya mtu? Mimi? Mama yangu si atanilaani."

"Usiondoke, mwenyekiti," Marselina akasema. "Umekuja wakati mzuri. Wenye Funguo hawana mkuu. Kiti kile pale, karibu."

Hapo hata waliokuwa mashimoni walisimama. Siwema akapanda taratibu kutoka chini, viatu mkononi, akakaa kwenye kiti kile.

"Huyu nitamchezea mimi," alisema. "Nimekaa naye nyumba moja miaka yote. Najua anavyopanga."

"Siwema!" mumewe akaita. "Twende nyumbani!"

"Nacheza, Baba Allen."

Mbegu zikafichwa. Marselina akahesabu mpaka tatu. Vikombe vikafunuliwa. Nazari alikuwa na hindi. Mwalimu wa kwaya, mkuu wa Watu wa Ziwani, harage. Marselina na Watu wake wa Magoma, harage. Kwenye jiwe la Siwema palikuwa na mbegu ya boga.

Tangu bao lile lizaliwe, Wenye Funguo hawakuwahi kutoa mbegu ile.

Siwema akamgeukia Nazari, ambaye kwa wakati ule hakuwa tena mtu wa pikipiki. "Mgambo," akasema, "mbolea iko kwetu, chumba cha nyuma, chini ya magunia ya mahindi. Na ile kahawa ya mwaka ule niliiona ikitoka. Kilian hakuigusa."