Nilivyomtia Mlafi Dawa

Nakumbuka asubuhi moja ya mwisho wa Shaabani, mwanangu, na kila niikumbukapo mwili hunisisimka kana kwamba ni leo. Nilikuwa nimesimama nyuma ya jiko la madrasa yetu pale Timbwani, chupa mbili za dawa ya kusafishia choo mikononi, na moyoni nikijiona walii.

Nilikuwa kijana, nimehitimu masomo ya dini juzi tu, nimepewa darasa la watoto wadogo. Madrasa ilikuwa na watoto wa bweni, wengi wao mayatima, na mpishi wao alikuwa mama mtu mzima, Bi Mwanakombo. Mama huyo alivuta moshi wa kuni miaka mingi hata kifua chake kikawa kinapiga filimbi akipanda vidato viwili. Daktari alimwambia bila kumficha kwamba moshi ule ukiendelea utamuua. Ndipo mkuu wetu, Maalim Bakari, Mola amrehemu, akajengesha mtambo wa gesi ya samadi.

Lilikuwa shimo la duara chini ya ardhi, limejengwa kwa matofali na kufunikwa kwa kuba la saruji lisilopitisha hewa. Kila asubuhi Bi Mwanakombo alikoroga ndooni mavi ya ng'ombe wetu watatu, maji, maganda ya ndizi na ya mihogo, na ukoko wa wali uliobaki, kisha akayamimina mdomoni mwa shimo. Humo vitu hivyo huchacha vikatoa gesi, nayo gesi ikapita kwenye mpira hadi jikoni. Mashapo yalitokea upande wa pili, tukayatia kwenye mchicha. Wallahi, siku ya kwanza kuona moto wa buluu uliozaliwa na mavi nilirudi nyuma hatua tatu.

Bi Mwanakombo alilipa shimo jina, Mlafi. Akimimina huliambia, "Kula, baba, kula ushibe. Magharibi nawe utatulisha."

Mimi mambo hayo yaliniudhi. Nikamwambia, "Bi Mwanakombo, Ramadhani inaingia. Watu wafunge kutwa nzima, kisha futari yao ipikwe kwa moto wa najisi?"

Alicheka hadi akakohoa. "Ala! Na mchicha uliokula jana ukaomba uongezwe, ulidhani umeoteshwa kwa marashi?"

Ningecheka naye yangeisha. Lakini kijana aliyesoma kidogo ana ugonjwa wake. Maalim alikuwa amekwenda Kwale mazikoni, na angerudi baada ya siku mbili. Kuuliza si ujinga, sote twaujua msemo huo, ila mimi niliona kuuliza ni kujishusha. Basi asubuhi ile nikamimina chupa zote mbili ndani ya Mlafi, nikatawadha, nikaswali rakaa mbili za shukrani. Nilishukuru, mwanangu! Nikiyawaza hayo leo hushika kichwa.

Siku za mwanzo moto uliwaka, kwa kuwa gesi ya akiba ilikuwamo. Kisha ukanywea, ukawa kama wa mshumaa. Siku ya nne ya mfungo, alasiri, ukazimika. Fundi aliyeujenga akaitwa, akaikagua mipira yote asione tundu. Watu wakamsema palepale kwamba kazi yake mbovu, naye akasimama amekunja kofia yake mkononi. Nami nikanyamaza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nusura kiniumbue kifo cha mtu mwingine.

Kwani watoto lazima wale. Mafiga matatu yalirudishwa jikoni, pamoja na kuni mbichi na makumbi ya nazi. Siku ya pili yake nilikwenda kuchukua maji, nikasukuma mlango wa jiko, moshi ukanipiga usoni kama kofi. Ndani nilimwona Bi Mwanakombo amepiga magoti, mkono mmoja sakafuni, mdomo wazi kama samaki aliyetolewa majini. Midomo imegeuka rangi. Hakuwa akikohoa tena, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Nilipiga ukelele. Tukambeba hadi uani. Maalim Bakari akaja mbio, kanzu kaikusanya mkononi, akaagiza iletwe dawa ya kifua ya mama huyo na maji. Bi Mwanakombo akatikisa kichwa. "Nimefunga," alinong'ona.

"Fungua, dada yangu. Mola hakukutaka ufe."

Akanywa. Mama ambaye tangu avunje ungo hakuwahi kula mchana wa Ramadhani ila kwa udhuru wa kike na wa uzazi, alimeza funda lile huku machozi yakimtoka. Nilitaka kutakasa futari za watu, kumbe nimemfanya mtu afungue saumu yake.

Nikasogea mbele. "Ni mimi, Maalim. Nilimtia Mlafi dawa."

Akanigeukia. "Fatwa hiyo alikupa nani?"

"Nilijiamulia, Maalim."

"Hukumu ya moto ule ungeniuliza, tungefungua kitabu tukasoma pamoja. Lakini mle ndani mlikuwa na viumbe, mwanangu. Huwaoni, ni wadogo mno. Mola kawapa riziki yao katika uchafu wetu, nao hutulipa moto. Umewamwagia sumu ukawaua, na anayekosa pumzi ni huyu mama."

Kisha akamrudia mgonjwa. Angenipiga ningepata nafuu.

Nilikwenda kwanza kwa fundi nikamwomba radhi mbele ya wale waliomsema. Akanifundisha kulikomba shimo kutoka nje kwa ndoo na mti mrefu, maana ndani haingii mtu, hewa ile huua. Tukalijaza mavi mapya na mashapo ya mtambo mwingine uliokuwa hai. Kisha tukangoja. Ramadhani yote iliyobaki nilipika mimi kwa kuni, nikaujua moshi ni nini.

Moto ulirudi baada ya Idi. Siku Bi Mwanakombo alipoilipa saumu yake, nilifunga pamoja naye, nikampikia uji kwa moto wa Mlafi. Akapiga bismillahi, akaonja, akanitazama. "Hauna harufu ya mavi wala ya dawa," alisema. "Umepungua sukari tu, sheikh wangu."

Hivyo ndivyo alivyonisamehe. Kifua chake, lakini, hakikurudi kama kilivyokuwa.

Sasa nasikia nanyi mnachimba mtambo wenu, mtaulisha mabaki ya sokoni na ya jikoni. Nimefurahi. Basi lishikeni hili langu: usisafishe usichokijua. Kabla ya kuita kitu uchafu, uliza kinamfaa nani. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo, usingoje mwenzio akose pumzi ndipo upate ulimi.

Mola akupe elimu yenye adabu, mwanangu, aukinge moyo wako na kiburi cha usafi, na jiko la mama yako lisikose moto wala lisijae moshi. Amina.