Marehemu Watatu, Koti Moja

Kitu cha kwanza anachokiona Kadzo ni uzi. Uzi wa kijani, ule wa kushonea magunia, umepita ovyo juu ya mfuko wa kifuani wa koti la rangi ya kahawia. Uso wa mwenye koti bado hajautazama. Ni saa tatu asubuhi mjini Malindi, duka la uchapishaji limefunguliwa hivi punde, na mzee mmoja amesimama mlangoni, jua liko nyuma yake.

Kadzo anaujua uzi huo kuliko mishono ya nguo zake mwenyewe. Ameukuza kwenye skrini ya kompyuta, ameupangusa vumbi, amelainisha kingo zake. Ameuweka vifuani mwa wanaume watatu, na wote watatu wamezikwa.

"Shikamoo," anasema kwa sauti ndogo.

"Marahaba." Mzee haketi. "Nimeambiwa hapa ndipo wafu wanapovishwa koti langu."

Kadzo anainama kidogo kuchungulia miguu ya mgeni chini ya kaunta. Pwani mtu akimtilia shaka asiyemjua huanzia miguuni, aone kama ni miguu ya binadamu au kwato za jini. Anaona kandambili na vidole vyenye vumbi jekundu la mashambani.

"Nilidhani mwenye koti alikufa zamani," anasimulia sasa, akicheka kwa aibu huku amefunika mdomo. "Sikuwahi kuambiwa hivyo. Ila lile koti lilikuwa limezoeana sana na maiti."

Kadzo ana umri wa miaka ishirini na minne. Alizaliwa Kaloleni na aliacha shule akiwa darasa la sita, baba yake mgema alipofariki. Alipofika Malindi aliajiriwa kufagia katika duka hili kwa shilingi mia mbili kwa siku. Mwenye duka, Bwana Adnan, ambaye wazazi wake walitoka Lamu, anakumbuka kuwa msichana huyo alikuwa hazungumzi na ufagio wake ulikuwa hauondoki nyuma ya kiti cha fundi wa kompyuta.

"Anafagia pale pale, pale pale," anasema Bwana Adnan. "Nikamwambia, we Kadzo, wallahi sakafu hii utaitoboa. Vuta kiti ukae."

Akakaa. Kiingereza cha programu hakukijua, kwa hiyo kila amri aliishika kwa umbo lake na mahali ilipokaa kwenye skrini. Mkasi ulikuwa mkasi. Ndoo ilikuwa ya kumwagia rangi. Mengine aliyafundishwa na makosa. Alijifunza kwamba kijani kinachong'aa kwenye kompyuta hutoka kimefifia kwenye karatasi, kwamba kisu cha kukatia kina njaa na lazima kiachiwe ukingo wa kula, na kwamba maandishi yakibanwa hayasomeki hata yakiwa makubwa.

"Mwanzoni kila herufi niliipa rangi yake," anasema. "Bango langu la kwanza lilikuwa kama pakiti ya peremende. Mwenyewe alilikataa, na alikuwa na haki."

Kazi inayoleta wateja wengi ni mabango ya mazishi. Familia huja na picha ya simu. Marehemu amevaa fulana yenye tundu, au amekatwa kutoka kwenye picha ya harusi na mkono wa mtu mwingine umebaki begani mwake. Wanasema neno moja: mvalishe suti. Basi kichwa hukatwa na kuwekwa juu ya koti lililohifadhiwa kwenye kompyuta.

"Kila duka lina koti lake," Bwana Adnan anaeleza bila kuona haya. "Utampelekaje mzee wa watu kaburini na fulana ya kampeni?"

Koti la duka hili lilitoka kwenye picha ya zamani ya mtu aliyekuja kupigwa picha ya kitambulisho cha kazi. Hakuna aliyemkumbuka. Mtu huyo ndiye mzee wa mlangoni, Mzee Mwaro wa kijiji cha Jilore, aliyekuwa bawabu wa hoteli, na koti aliachiwa na mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Mfuko ulichanwa na msumari wa lango, akaushona mwenyewe kwa uzi alioupata karibu.

Wa tatu kuvishwa koti hilo alikuwa marehemu Gona, jirani yake Mzee Mwaro. Siku ya mazishi jirani mwingine, Karisa, mtu wa maneno mengi, alisimama mbele ya bango akalitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, na watu wakasikia: "Hili si koti la Mwaro?"

Mabango ya mazishi hayatupwi Jilore. Moja lilikuwa limefunika banda la kuku, jingine limezibia ghala la mahindi lisivuje. Yakatolewa, yakapanguswa. Nyuso tatu, koti moja, uzi ule ule wa kijani. Watu wakasema Mwaro humvisha mtu koti lake, kisha mtu huyo hufa.

Majirani hawakumwambia Mzee Mwaro chochote. "Nikipita mazungumzo yanakatika," anasema mzee. "Nikimwamkia mtu, ananijibu akitazama koti. Nikaona heri nilivue, niliweke. Hapo ndipo pakaharibika kabisa. Wakaanza kuulizana: sasa amempa nani?"

Katika vijiji hivi, mzee mwenye mvi akishaanza kunong'onezwa kuwa mchawi, wanawe huanza kumtafutia pa kukimbilia. Wanawe Mzee Mwaro walikuwa tayari wamempatia chumba Malindi. Yeye alikataa kuliacha shamba lenye kaburi la mkewe. Akalitoa koti sandukuni, akalivaa, akapanda gari mpaka kwenye duka ambalo wanawe walimwambia jina lake liko pembeni ya mabango, kumtafuta aliyewavika wafu.

Dukani napo alipokewa kwa shaka. Bwana Adnan alidhani kuna mshindani aliyemtuma mzee kuja kuchafua jina la biashara.

"Nani amekutuma?"

"Majirani wasioniamkia," mzee akajibu.

Kadzo akafungua faili. Koti likatokea kwenye skrini, mabega yamenyooka, shingoni hamna kitu. Mzee Mwaro aliinama karibu mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo.

"Mwanangu," akauliza polepole, "na kichwa changu mmekiweka wapi?"

"Kipo, babu." Akaifungua picha ya mwanzo. Mzee akajiona akiwa na nywele nyeusi. Hapo ndipo alipoketi.

Bwana Adnan alitaka koti libadilishwe kimyakimya na mambo yaishe. "Tukienda kusema, nani ataleta picha ya marehemu wake hapa tena?" Lakini kunyamaza kusingemrudishia mzee salamu za majirani. Kadzo hakubishana. Aliendelea kusimama mbele ya meza ya bosi wake mpaka bosi akatoa kompyuta ya mkononi kwenye droo. "Ukiivunja," akamwambia, "umeinunua."

Jumamosi iliyofuata naibu wa chifu aliwaita watu nyumbani kwa marehemu Gona. Kadzo aliweka kompyuta juu ya kinu kilichopinduliwa akaanza kueleza, na hakuna aliyemsikia. Ikabidi Kanze, mkewe Karisa, asimame kando yake na kuyarudia maneno kwa sauti.

"Anasema kichwa anakikata hivi! Anasema koti lilikuwamo ndani ya mashine tangu zamani! Anasema Mzee Mwaro hakuwa na habari!"

Binti wa marehemu aliinuka. "Kwa hiyo yule tuliyemlilia si baba?"

"Uso ni wa baba," Kadzo alijibu, na Kanze akarudia. "Koti ndilo si lake. Nilipaswa kukuuliza kwanza, dada. Sikuuliza."

Kuona kichwa kikihama hakukuwatuliza watu, kukawaongezea wasiwasi. Kama mashine inaweza kudanganya namna hii, walisema, nani ajuaye kama msichana mwenyewe hakununuliwa na Mwaro aje kuwafumba macho? Kadzo akaichukua picha yake mwenyewe, akajivisha koti mbele yao. Watoto wakacheka. Karisa hakucheka.

"Wewe ni wa Kaloleni," akasema. "Haliwezi kukupata."

"Basi mvalishe huyu," Kanze akasema, akimwonyesha mumewe kwa kidevu.

Karisa akarudi nyuma. "Mimi? Mimi Jumatatu nina kazi."

"Kazi gani? Si ulisema unajua kila kitu? Vaa, mume wangu. Ni picha tu."

"Vaa, Karisa!" kelele zikapanda. "Vaa tukuone!"

Hakuwa na pa kupitia. Kadzo akampiga picha kwa simu, akamkata, akamvisha. Karisa akatokea kwenye skrini akiwa bwana mkubwa, uzi wa kijani kifuani. Kanze akaitazama picha, kisha akamtazama mwenye picha. "Hata siku ya harusi," akasema, "hukupendeza hivi."

Watu walitawanyika wakicheka, ila kicheko hicho hakikufuta shaka. Kila asubuhi waliopita njia ya kwa Karisa walipunguza mwendo, waone kama ameamka. Wiki ya pili hakuamka. Alikuwa na homa.

Habari zilifika Malindi kwa simu. Kwa Mzee Mwaro wanawe walikuja wakamfungia nguo zake kwenye shuka. Kadzo hakuweza kula. Aliifungua ile picha ya Karisa akataka kuifuta, kisha mkono ukasita juu ya kipanya: na je, akiifuta ndiyo afe?

"Nilijua ni upuuzi," anasema. "Lakini nilianza kuutazama ule uzi kwa jicho baya. Mimi niliyeusafisha mwenyewe."

Kanze hakungoja mganga. Alimpakia mumewe kwenye pikipiki akampeleka zahanati, akapimwa damu, ikaonekana ni malaria. Alipopata nguvu ya kutembea, Karisa alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Mzee Mwaro, akasimama uani na kuomba maji. Kwa muda mrefu hakuna mtu aliyekuwa ameonja kitu katika nyumba ile.

"Aliyanywa yote," anasema Mzee Mwaro. "Watu walikuwa wanachungulia uani. Akayamaliza, akageuza kikombe juu chini ili waone. Nikamwambia, Karisa, sasa unaninywea maji kama ngamia. Akasema, nipe mengine."

Nguo zikafunguliwa kutoka kwenye shuka. Si wote walioridhika. Wapo wanaosema homa ile ilikuwa nyepesi kwa sababu picha ilikuwa ndogo. Mzee anasema hao ataishi nao hivyo hivyo mpaka afe. Analima, anasalimiwa, na koti analivaa.

Dukani, mambo yamebadilika. Koti la Mzee Mwaro halitumiki tena. Kadzo alizungumza na fundi cherehani wa mtaani, akayapiga picha makoti na kanzu zisizo na mwenyewe, zisizo na alama. Lakini kabla ya kuzigusa huiuliza familia swali ambalo zamani hakuliuliza: marehemu alipenda kuvaa nini? Wengine bado wanataka suti. Wengine hufikiri kidogo, kisha husema aachwe na fulana yake. Familia moja ilitaka jembe libaki begani, naye akalisafisha jembe kwa uangalifu ule ule aliokuwa akiusafishia uzi.

"Zamani nilidhani kazi nzuri ni ile inayong'aa," anasema. "Sasa najiuliza kama mtu aliyemjua marehemu atamtambua."

Mpango wake ni mmoja. Kuna chuo cha ufundi ambacho huwapima watu waliojifunzia kazini, hata wasio na cheti cha shule, na kuwapa hati ya usanifu wa michoro. Kila mwombaji hupeleka kazi zake, kisha huketi mbele ya watahini na kuzieleza kwa mdomo. Kazi zake ziko tayari. Kinachomtisha ni mdomo. Kwa hiyo kila siku baada ya adhuhuri, wateja wakipungua, Bwana Adnan huvaa miwani kwenye ncha ya pua na kujifanya mtahini.

Siku ya mazungumzo haya Mzee Mwaro yupo pia. Amekuja kuchukua picha yake mpya, amevaa koti, kichwa chake mahali pake.

"Umejifunza wapi kazi hii?" Bwana Adnan anaanza.

"Hapa, bwana."

"Sauti. Na kwa nini ukaichagua?"

"Napenda rangi."

"Hilo ni jibu la mtoto. Tena."

Mzee Mwaro anadakia kwa swali lake mwenyewe, ambalo anasema limemkaa muda mrefu: picha yake ilikuwa ya miaka mingi, kwa nini katika duka zima hakuna aliyewahi kuifuta?

"Muulize huyu," anasema Bwana Adnan, akimwelekezea Kadzo miwani. "Mafaili ya zamani yamejaza kompyuta. Kila mwaka namwambia yafute. Kila mwaka ananiambia bado, bosi, bado."

Feni inazunguka. Kadzo anatazama mikono yake. Anapoanza kusema, sauti ni ile ile ndogo, ila haikatiki.

"Baba alipofariki, mama alikuwa na picha yake moja tu. Akampa baba mdogo ailete mjini, ikatengenezewe bango. Bango likaja halina uso. Lilikuwa na kile kivuli cha kijivu, kichwa na mabega, kama cha simu isiyo na picha. Baba mdogo akasema picha ameiacha dukani. Pembeni, chini, palikuwa na jina la duka. Ni duka hili, bosi. Sikuja kwako kutafuta kazi ya kufagia. Nimetazama nyuma ya kila kabati. Nimefungua kila folda, sikufuta hata moja, na picha haimo. Miaka yote hii nimekula mshahara wako nikidhani ni wewe uliyempoteza baba yangu, kumbe huenda picha haikufika hapa kabisa."