Seti ya Sarafu Niliyoisugua kwa Majivu

Jumamosi. Mvua tangu asubuhi, Musoma yote matope.

Nje ya benki nimekuta wanaume wawili wakifungua seti mpya ya sarafu za madini ya fedha, zile za kuhifadhi, zinazong'aa kama kioo. Mmoja alivaa glavu. Harufu ya lile boksi jipya ikanipandisha hasira ya utotoni, kule Butiama.

Marehemu baba alituachia seti kama hiyo. Mama alitaka kuiuza apate mabati, maana nyumba ilivuja. Mnunuzi akaahidi kuja kutoka mjini. Mimi, kwa kumheshimu mgeni, nikazisugua sarafu kwa majivu na mchanga, kama tulivyokuwaga tunasugua sufuria.

Mgeni alifungua boksi akanitazama. "Ni wewe, binti? Umeua mali! Hizi haziguswi hata kwa kidole."

"Mtoto kakusafishia wewe, baba," mama akasema. "Hazifai kabisa?"

"Hazifai, mama. Nitakuachia sukari kilo mbili, basi."

Akazifunga moja moja kwenye leso yake, taratibu, akaondoka nazo.

Niseme haki: niliziharibu mimi, na leo nimeziona glavu nimeamini. Lakini kama hazikufaa, ya nini kuzifunga vile? Labda nakosea, shule yangu ni ndogo. Hasira haijatoka.

Siku ile kuku wetu wa pekee alishaliwa na huyo mgeni mchana. Jioni sisi tulikula ugali wa muhogo na mchuzi aliobakiza.