Sinia la Jirani Yetu wa Lipangalala

Juzi nilirudi Ifakara na mpwa wangu, mzaliwa wa Dar. Hatujatua hata mizigo pale Kibaoni, akatoa simu kutafuta mgahawa wa Kimeksiko. Ndiyo, ndugu yangu, wa Kimeksiko: chapati nyembamba za mahindi zinazokunjiwa maharage, nyama na pilipili. Simu ikasema hakuna. Akatafuta mgahawa mzuri wowote, akakuna kichwa, akaniambia kwa huruma, "Mjomba, kumbe huku hakuna pa kula."

Nilikasirika, na hasira hiyo sijaimaliza. Mimi nimekula Ifakara, tena nimekula vizuri.

Utotoni, mtaani kwetu Lipangalala, jirani yetu alikuwa mama lishe. Kibanda chake cha nyasi hakikuwa na jina. Ukikitafuta, uliangalia tu baiskeli zimeegeshwa wapi kwa wingi, au ulifuata pua, maana mchele wetu ukikaribia kuiva hauna siri. Kambale wa kubanikwa alichemka taratibu kwenye mchuzi wa nyanya, na mimi nilikaa mlangoni kwetu nikipepeta mchele ambao bibi yangu alikuwa akimuuzia, huku mate yakinijaa.

Sahani hakuwa nazo. Alipakua kwenye sinia, watu wanne wanne, kwa jinsi walivyoingia. Mvuvi, mkulima, fundi baiskeli, Msukuma aliyekuja bondeni na ng'ombe wake, wote walinawa na kula pamoja. Aliyenung'unika aliambiwa, "Kuchagua wa kula naye kafanye harusini kwako."

Mwaka mmoja ng'ombe waliingia mashambani mpunga ukiwa umeanza kutoa masuke. Shamba la bibi halikubaki kitu. Wakulima wakamwendea jirani, wakamwambia akiendelea kuwalisha wafugaji, wao hawali kwake wala hawamuuzii mchele. Aliwasikiliza huku anakoroga mchuzi.

"Ng'ombe siwalishi mimi," akasema. "Mimi nalisha watu."

Kesho yake mabenchi yakawa matupu. Akabaki mteja mmoja, mfugaji, anakula peke yake kwenye sinia zima kwa aibu. Siku zikapita hivyohivyo, chungu cha wali kikazidi kuwa kidogo, na jirani akaanza kusema kwamba mwisho wa mwezi atafunga. Niliumia sana. Kwa mtoto, kufungwa kwa kibanda kile kulikuwa msiba.

Nyumbani tulikuwa tunakula ugali wa muhogo kwa sababu ya ng'ombe wale, na hakuna aliyekuwa na hasira kumshinda bibi. Basi mchana mmoja alipokaza khanga kiunoni na kunishika mkono, nilijua anakwenda kugombana. Alinawa, akaketi mbele ya yule mfugaji. Wapita njia wakashuka kwenye baiskeli kutazama.

"Shikamoo, mama," mfugaji akasema, macho chini.

Bibi alimega tonge kwanza, akatafuna, akameza.

"Marahaba. Habari ya mpunga wangu tutaizungumza kesho barazani kwa wazee, na utakuja. Sasa kula, wali unapoa."

Barazani walikwenda kweli, na bibi hakumlegezea. Lakini nani angemwita msaliti kwa kula na mfugaji, yeye aliyepoteza kuliko wote? Wakulima walirudi mmoja mmoja, wakijifanya wamepita tu. Kibanda hakikufungwa.

Leo hakipo. Bibi na jirani wote wametangulia. Migahawa imejaa mjini, na kila mtu ana sahani yake, meza yake na watu wake. Wakulima wanajua pao, wafugaji wanajua pao. Watu wananiambia ndiyo maendeleo. Nakataa.

Nilimpeleka mpwa wangu kwa mama lishe mmoja kule Mlabani, nikaagiza wali wa watu wanne kwenye sinia moja. Mama yule akatutazama sisi wawili, akauliza wenzetu wako wapi.

"Bado siwajui," nikamwambia. "Wewe pakua."